Tafiti za kura ya uhuru Scotland: zilidanganya?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Hapa kijiweni tumebishana sana kuhusu kura ya Scotland kujitenga na Uingereza mwaka 2014. Mwenzangu anasema tafiti za maoni zilikuwa uongo mtupu, eti zilitangaza wanaotaka uhuru wako mbele halafu wakaja kupigwa vibaya. Walinunuliwa au? – Msomaji, Tanga

JIBU: Salama ndugu yangu wa Tanga. Mwenzako ameshika utafiti mmoja akausahau msururu mzima. Kwa miezi mingi karibu tafiti zote zilionyesha Hapana (yaani wasiotaka kujitenga) inaongoza, ila pengo likawa linapungua, ndipo tarehe 7 Septemba, siku 11 tu kabla ya kura, YouGov, kampuni ya utafiti wa maoni ya Uingereza, wakatoa yao: Ndiyo asilimia 51, Hapana 49. Huo ndio uliopigiwa kelele dunia nzima na ndio watu wanaoukumbuka mpaka leo.

Sasa uangalie kwa ndani. Hiyo 51 imepatikana baada ya kuwatoa wasioamua, ukiwarudisha ilikuwa 47 kwa 45, yaani kuna watu kama 8 katika kila 100 ambao hawajulikani wataangukia wapi. Halafu ukihoji watu elfu moja hivi, namba inaweza kupanda au kushuka kwa pointi 3, kwa hiyo 51 inaweza kuwa 48 na inaweza kuwa 54, mtu akikwambia hapo kuna anayeongoza anakupoteza.

Na utafiti wenyewe ulibadilisha mambo! London walishtuka kwelikweli. Tarehe 10 Waziri Mkuu Cameron, kiongozi wa upinzani Miliband na Naibu Waziri Mkuu Clegg wakaacha maswali ya Bunge wakakimbilia Scotland kuomba kura, na tarehe 16 gazeti la Daily Record likatoka na ukurasa wa mbele uliotengenezwa kama karatasi ya kale, ahadi ya kuipa Scotland madaraka zaidi, saini za hao watatu chini. Kama ahadi ile ndiyo iliyogeuza watu wanabishana mpaka leo, mimi naona hofu ya mfukoni ilikuwa na nguvu zaidi, pauni itabaki au haibaki, pensheni itakuwaje, hayo mtu anayawaza akiwa peke yake na karatasi ya kura.

Tarehe 18 matokeo: Hapana 55.3, Ndiyo 44.7, waliojitokeza asilimia 84.6, na vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kupiga. Tafiti za mwisho zilikuwa zinaipa Hapana kama 52. Kwa hiyo walimpata mshindi ila pengo wakalipunguza, na hapo mwenzako ana haki ya kuwalaumu maana wote walikosea upande uleule, hiyo si bahati mbaya. Lakini kununuliwa? Hapana, sijaona ushahidi.

Quebec, jimbo la Canada lililopiga kura ya kujitenga, ilitokea hivyohivyo mwaka 1995, tafiti za mwisho zilikuwa zinaipa Ndiyo uongozi mdogo, matokeo Hapana 50.58, tofauti ya kura 54,288 tu. Kwenye kura za namna hii wasioamua wengi huangukia kubaki walipo, kwa hiyo kesho mkibishana tena kuhusu utafiti wowote wa kujitenga, muulize kwanza wasioamua walikuwa wangapi na wamewekwa wapi kwenye hesabu.