Ukiigiza ubongo uliopumzika kwenye kompyuta, usiiamini namba ya kwanza

Wadau, wengi mnaniandikia mnataka kujua muanzie wapi na modeli za ubongo uliopumzika, yaani mtu kalala tu ndani ya mashine ya MRI, hajapewa kazi yoyote, halafu sisi tunajaribu kuigiza kinachoendelea kichwani mwake. Na kinachoendelea ni kingi, maana ubongo una kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unakula karibu asilimia 20 ya nishati. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake walionyesha kwamba sehemu za kushoto na kulia zinazoendesha mikono shughuli zake zinapanda na kushuka pamoja taratibu, wimbi moja linachukua zaidi ya sekunde 10, hata kama mtu hajasogeza kidole. Mimi hilo ndo lilinikamata mpaka leo.

Anza na kidogo. Mi nilianza na modeli ya Kuramoto, yaani hesabu ya vitu vinavyopiga kwa mizunguko na kuvutana mwendo, ubongo nimeugawa maeneo 68, laptopu ya kawaida inabeba. Fikiria ngoma 68, kila mpigaji ana mwendo wake lakini anawasikia wale aliounganishwa nao, na hiyo miunganiko tunaitoa kwenye skani ya nyuzi za ubongo. Kuna namba moja inayotawala kila kitu, tunaiita G, ukiishusha kila ngoma inaenda kivyake, ukiipandisha sana zote zinapiga pigo moja, na kinachofanana na ubongo kiko hapo katikati.

Sasa sikilizeni kilichonikuta. Unalinganisha matriksi ya modeli, yaani jedwali linaloonyesha kila jozi ya maeneo inaenda pamoja kiasi gani, na ile ya mtu halisi, mi nikapata korilesheni (kipimo cha kufanana, 0 hakuna, 1 kamili) 0.47 nikafurahi wiki nzima, nikaanza hadi kuandika ripoti. Usiku mmoja naangalia picha ya matriksi naona ule mstari unaokatiza kona hadi kona, wote ni namba 1 tupu, kwa sababu kila eneo linafanana na lenyewe kwa asilimia 100! Nilikuwa nimeuhesabia. Nilipoutoa, nikabaki na 0.31. Na matriksi ya nyuzi peke yake, ile ya kwenye skani, nikiilinganisha na ya mtu halisi bila modeli yoyote, ilikuwa inanipa 0.33. Iliniuma sana, miezi miwili ya kazi na modeli haijaongeza kitu.

Kwa hiyo chukua zile namba 2,278 za upande mmoja tu wa ule mstari, moja kwa kila jozi ya maeneo, mstari wenyewe acha, na sekunde za mwanzo za uigaji tupa mpaka mambo yatulie. Data za watu waliotikisa kichwa nazo zichuje kwanza, mtikisiko mdogo tu unatosha kuleta miunganiko ya uongo hasa kwa maeneo yaliyo karibu karibu.

Ila kabla ya yote hayo endesha modeli G ikiwa sifuri, ngoma hazisikilizani kabisa, korilesheni lazima ije karibu na sifuri. Mi nilikuja kuiendesha nimeshachelewa, kwenye ile hesabu ya zamani yenye mstari ndani, ikanipa zaidi ya 0.4.