Klorini kwenye maji ya kupozea mitambo ya umeme

Je, klorini iliyotiwa kwenye maji ya kupozea mitambo ya umeme inatosha kuachwa ipotee yenyewe mferejini kabla maji hayajamwagwa? La, hakutoshi. Vituo vingi hutia sodiamu baisalfaiti, kemikali ya kuondoa klorini, kabla maji hayajatoka. Inaimaliza klorini kwa sekunde chache. Marekani, kituo cha megawati 25 kwenda juu kinachopitisha maji mara moja tu kisha kuyamwaga hakiruhusiwi kuzidi miligramu 0.20 za klorini kwa lita, tena kuitoa ni kwa saa 2 tu kwa siku kila mtambo. Mimi hupima minara ya kupozea huku Eneo la Viwanda, Nairobi: natia kidonge cha DPD, cha kupimia klorini; maji yakigeuka waridi, klorini bado ipo. Pima papo hapo! Sampuli yangu moja ilikwama nami kwenye foleni ya Barabara ya Jogoo, kufika klorini ilishapotea, ikasoma sifuri ya uongo. Ila baisalfaiti ikizidi, inakula oksijeni ya samaki.