Besi kuukuu: shughulikia shingo, rangi iache

Besi ya zamani iliyochakaa, yaani gitaa la besi, humpoteza mtu kirahisi. Anaona vanishi iliyobanduka, skrubu zenye kutu na plastiki iliyogeuka njano, anadhani hapo ndipo penye kazi. Anatafuta msasa na rangi ya kupuliza, na wiki haijaisha ameshaharibu kitu ambacho hakikuwa kibovu. Nimefufua besi kadhaa, zangu na za marafiki, nyingi za miaka ya 1960 na 1970, na sijaona hata moja iliyoshindwa kupigika kwa sababu ya rangi. Kinachozikwamisha ni shingo. Zinafuata freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, kisha nyaya za ndani. Rangi haimo kwenye orodha.

Kwa hiyo ikikufikia mkononi, usiifungue. Ipige kwanza. Kama nyuzi zipo, hata zikiwa na kutu, zikaze mpaka zifike sauti zake za kawaida, E, A, D na G, kisha iache ilale hivyo usiku kucha. Nyuzi nne za besi zikijumlishwa huivuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 70 hadi 90, na shingo iliyokaa miaka bila mvuto huo huwa imeshajizoelea umbo jingine. Ukiipima kabla haijavutwa, unapima kitu ambacho kesho hakitakuwapo. Asubuhi pita freti moja moja kwenye kila uzi, bila amplifaya, uandike wapi panakwaruza, wapi sauti inakufa mapema, na wapi ukibana freti hii inatoka noti ya freti inayofuata. Piga na picha za kila upande, hasa nyaya za ndani utakapofika huko. Usipofanya hivyo, baadaye hutajua lipi umelitengeneza na lipi umelisababisha mwenyewe.

Sasa shingo. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja. Uzi wenyewe umekuwa rula. Tazama kwenye freti ya saba au ya nane: kati ya uzi na freti panatakiwa upenyo mdogo, kama milimita 0.3. Huna geji ya kupimia unene? Uzi wa kwanza wa gitaa la akustiki, ule unaouzwa kwa kipimo cha inchi 0.012, una unene huo huo. Kata kipande ukipenyeze. Kikipita kwa kugusa tu, bila kuuinua uzi wa besi, shingo iko sawa. Kikipita na nafasi ikabaki, shingo imejikunja mbele kwa kuvutwa. Kikikataa kupita, shingo imenyooka kupita kiasi au imerudi nyuma, na bila shaka karatasi yako inaonyesha freti za mwanzo ndizo zinazokwaruza.

Kinachorekebisha hayo ni fimbo ya chuma iliyozikwa ndani ya shingo. Kwenye besi nyingi za zamani fimbo hiyo hufanya kazi upande mmoja tu: ukiikaza inapingana na nyuzi, ukiilegeza inaziacha nyuzi zivute. Haina uwezo wa kuisukuma mbele shingo iliyorudi nyuma. Fimbo ikiwa imeshalegea kabisa na shingo bado imerudi nyuma, jaribu nyuzi nene zaidi, ziivute. Mara nyingi hilo linatosha.

Kwenye Precision na Jazz Bass za zamani za Fender, nati ya fimbo iko kwenye kisigino cha shingo, pale inapoingia kwenye mwili. Ili uifikie vizuri lazima shingo itoke. Legeza nyuzi, bana kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza zisitawanyike, fungua skrubu nne za nyuma, inyanyue. Utakuta nati ndogo yenye mfereji wa msalaba, na mfereji huo umejaa mchanganyiko wa vumbi, vanishi na uchafu ulioganda miaka mingi. Usiweke bisibisi hapo. Chukua kijiti cha meno uuchokonoe mpaka uone chuma mpaka chini, kwa sababu bisibisi isiyokaa sawasawa itaumega mfereji kwa zungusho moja, na hapo utakuwa umejitafutia kazi ya fundi. Kisha tafuta bisibisi pana inayoujaza mfereji wote. Anza kwa kulegeza kidogo, weka tone la mafuta mepesi, subiri, ndipo ukaze: robo zungusho, basi. Rudisha shingo, tyuni, pima. Haikutosha? Fungua tena. Inachosha, najua, lakini njia ya mkato ninayoiamini sijaipata.

Nati ikifika mwisho na shingo bado imejikunja, mara nyingi fimbo haijashindwa. Nati ndiyo iliyoishiwa na sehemu ya kukaza. Itoe, ongeza washa (pete bapa ya chuma) nyembamba moja au mbili, uirudishe. Lakini mkono ukianza kutetemeka kwa nguvu unayotumia, acha. Fimbo ikikatika ndani, kuitoa ni kubandua ubao wa freti.

Tahadhari kwa wenye Rickenbacker 4001 za zamani: hizo zina fimbo mbili, na nati zake hazikukusudiwa kuivuta shingo zenyewe. Shingo hukunjwa kwanza kwa mkono mpaka mkao unaotakiwa, ndipo nati zikazwe kuishikilia. Wapo waliozikaza kama za Fender wakaubandua ubao wa freti kutoka kwenye shingo. Na mwenye Höfner ya umbo la fidla akumbuke kwamba daraja lake, kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili, halikufungwa kwa skrubu, linashikiliwa na nyuzi tu. Weka alama kwa utepe wa karatasi kabla hujazitoa zote.

Shingo iliyojisokota, yaani upande wa uzi wa E una mkunjo mmoja na upande wa G mwingine, mimi huipeleka kwa fundi wa magitaa. Itazame kutoka kisiginoni kuelekea kichwani, jicho likiwa usawa wa freti, utaiona.

Baada ya hapo ndipo freti zinapimika. Nyuzi za kusokotwa kwa waya wa duara hula freti, na besi iliyopigwa sana huwa na vishimo vya wazi, hasa kwenye freti tano za kwanza. Watu huviogopa kuliko inavyostahili. Kishimo ambacho hakikwaruzi hakina kosa. Kabla ya kushika tupa, bonyeza kila freti kwa ncha ya kijiti kwenye miisho yake. Freti iliyoinuka kwenye mfereji wake itacheza, na hiyo ndiyo mara nyingi inayosababisha ile noti ya freti jirani. Igonge taratibu kwa nyundo ya plastiki, ipenyezee gundi nyepesi ya papo hapo, ibane mpaka ikauke. Nimeona shingo zilizokuwa zinasubiri kung'olewa freti zote zikapona kwa hilo tu.

Kama kusawazisha hakukwepeki, nyoosha shingo kabisa kwanza, funika ubao kwa utepe, na funika pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) hata kama uko mbali nazo: unga wa chuma hukimbilia sumaku na hautoki. Paka kila freti wino wa kalamu nene, pitisha tupa bapa taratibu, uache mara tu wino utakapofutika juu ya kila freti. Kisha lazima kila moja irudishiwe mgongo wake wa duara, la sivyo noti hazitakuwa na mahali pamoja pa kuanzia. Hapa ndipo wanaojifunza huchoka mapema, na besi inaishia na freti bapa zenye sauti butu. Ukijijua huna subira, lipa mtu.

Daraja la zamani linakuja na skrubu ndogo zilizoshikwa na kutu, zile za kuinua na kushusha vitandiko vya nyuzi. Weka tone la mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila moja ulale. Zikikataa asubuhi, gusisha ncha ya chuma cha kulehemu kichwani mwa skrubu kwa muda mfupi. Joto huvunja kutu, na mara nyingi skrubu hugeuka kwa ufunguo uleule uliokuwa unateleza jana.

Urefu wa nyuzi ni suala la mkono wa mpigaji. Mimi huanzia milimita 2.4 chini ya uzi wa E na milimita 2 chini ya G, nikipima kwenye freti ya 17, halafu nashusha au kupandisha. Nyuzi kuwa juu si ugonjwa. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya Motown, alitumia Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa (zilizosokotwa kwa waya bapa) nene zilizokaa juu, na hakuwa mtu wa kubadilisha uzi kabla haujakatika. Ila kama vitandiko vimeshushwa mpaka mwisho na nyuzi bado ziko juu, pembe ya shingo ndiyo yenye shida. Kabari nyembamba ya mbao ngumu kwenye kisigino inaisogeza. Usishangae ukikuta tayari ipo hapo, kipande cha karatasi ngumu kilichowekwa kiwandani tangu mwanzo.

Kile kipande cha mfupa kichwani mwa shingo kiangalie hivi: bana uzi kwenye freti ya tatu, utazame juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa mwanga mwembamba sana. Uzi ukilala juu ya freti, mfereji umelika na mfupa unahitaji kubadilishwa. Mwisho linganisha hamoniki ya freti ya 12, sauti inayotoka ukigusa uzi bila kuubana, na noti ya kubana hapo hapo. Ya kubana ikiwa juu, sogeza kitandiko nyuma; ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo na nyuzi mpya, kwa sababu uzi uliochoka hautasema kweli hata ukiusogeza kutwa nzima.

Umeme wa ndani huwa rahisi kuliko unavyotisha. Vitufe vya sauti na toni vikichakachaka, dawa ya kusafishia kontakti ikipuliziwa ndani ya poti, kifaa kilicho chini ya kitufe, na kitufe kikazungushwa huku na huku kwa dakika kadhaa humaliza kelele nyingi. Sauti inayokatika ukigusa waya ni ulimi wa soketi ya jeki uliopanuka. Ukunje kidogo kwa plaizi. Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni hali ya kawaida; usiopungua kabisa maana yake waya unaokwenda chini ya daraja umeachia. Ukihisi umeme unakuchoma kwenye nyuzi, hilo ni la amplifaya au la soketi ya ukutani. Zima, usipige tena mpaka fundi umeme alitazame.

Pikapu iliyo kimya ipime kwa maltimita. Ya Jazz Bass husoma takribani kilo-omu 7 hadi 8, ya Precision 10 hadi 12. Isiposoma kitu, waya umekatika, lakini kabla ya kuituma kusukwa upya, itazame kwa lenzi pale waya wa koili unapolehemiwa kwenye tundu la pembeni. Waya huo ni mwembamba kuliko unywele na mara nyingi umekatikia hapo hapo nje, mahali panapofikika.

Ukiwa humo ndani, soma namba mgongoni mwa poti. Poti iliyoandikwa 1377633, kwa mfano, ni ya kampuni ya CTS, ndiyo maana ya 137, iliyotengenezwa wiki ya 33 ya mwaka 1976. Besi haiwezi kuwa imeunganishwa kabla ya hapo, ingawa inaweza kuwa baada, maana poti hukaa stoo. Lehemu ikiwa haijaguswa, ni kitambulisho kizuri kuliko hadithi ya muuzaji. Ndiyo sababu sibadilishi poti inayofanya kazi, na nikilazimika, ya zamani inaingia kwenye mfuko ulioandikwa na kukaa na besi yake.

Rangi, basi, kwa kuwa najua utauliza. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Palipoganda mafuta ya mikono tumia nafta kidogo. Spiriti usiisogeze karibu na vanishi ya nitroselulosi, inaiyeyusha, na stendi yenye raba itaiachia makovu ikikaa hapo miezi. Ubao wa freti wa mninga au rozi unapenda mafuta kiasi. Wa mepo uliopakwa vanishi hauyahitaji. Kuipaka rangi upya besi yenye rangi yake ya kiwandani ni kuitoa thamani kwa mikono yako, na sauti haitaongezeka hata chembe.

Nyuzi mpya zikunje pembe kali kwanza, halafu ukate ncha baada ya mkunjo, ili waya wa nje usifunguke. Kwa nyuzi bapa hilo ni la lazima. Zungusha mara mbili au tatu kuelekea chini ya kigingi. Kisha ipe wiki mbili, upime tena upenyo wa freti ya saba, maana shingo itakuwa imehama kidogo. Na ule mkwaruzo mdogo unaousikia ukiwa peke yako chumbani, kama hautoki kwenye amplifaya, usiufukuze. Ukiufukuza utaishia kuzipandisha nyuzi mpaka besi isipigike.