Bodi 50 za mchoro huria: nilivyotengenezesha zangu 40

Mkuu, umeuliza kama mtu akishapata mchoro huria wa bodi ya umeme unaofanya kazi, uliochorwa kwa programu ya KiCad, kilichobaki ni kutuma faili Uchina na kusubiri bodi 50. Nami niliamini hivyo nilipoagiza bodi 40 za kuendeshea mashine za kutotolesha vifaranga kwa wafugaji wa hapa Dar. Ngoja nikueleze kazi yenyewe ilipo.

Bodi tupu, yaani zisizo na vijenzi, hazina shida. Unatoa faili za Gerber (zinazokieleza kiwanda umbo la kila tabaka la bodi) na faili ya matundu, unazifunga kwenye zip moja, unachagua tabaka mbili na unene wa milimita 1.6, basi. Viwanda vya Shenzhen vinatoa bodi 5 zisizozidi milimita 100 kwa 100 kwa bei ya chini sana. Hela inaishia kwenye nauli. Kama bodi yako ni ndogo, zipange kadhaa kwenye kipande kimoja. Yangu ilikuwa milimita 45 kwa 48, nikapanga nne pamoja na kingo mbili za milimita 5 ambazo mashine ya kupachika vijenzi huzishika. Ikatimia 100 kwa 96, vipande 10. Zinatenganishwa kwa mfereji wa V uliochongwa kati yao, unavunja kwa mkono. Kapasita za kauri zisikae karibu na mfereji huo, maana ule mkunjo wa kuvunja unazipasua kwa ndani na jicho halioni.

Kilichoniumiza ni orodha ya vijenzi ambavyo kiwanda kinakupachikia. Mchoro ulitaka regyuleta (kijenzi kinachoshusha umeme na kuushikilia kwenye volti 5) ya 78L05 yenye umbo la SOT-89, dogo la kulehemiwa juu ya bodi. Siku ya kuagiza, stoo ya kiwanda ilikuwa imeishiwa. Nikatafuta mbadala: volti 5, SOT-89, miguu mitatu. Nikaiona HT7550, nikabadilisha jina kwenye orodha, nikalipa. Karatasi ya data sikuifungua. Kumbe 78L05 mguu wa 1 unatoa umeme, wa 2 ni ardhi, wa 3 unaingiza. HT7550 mguu wa 1 ni ardhi, wa 2 unaingiza, wa 3 unatoa. Umbo lilelile, miguu imehama yote.

Bodi zilipofika niliwasha ya kwanza kwa pawasaplai niliyoiwekea kikomo cha miliampia 100. Namba ikagota palepale kwenye 100, na regyuleta ikawa ya moto hata haishikiki. Kile kikomo ndicho kilichookoa vijenzi vingine, kwa hiyo usiwashe bodi mpya bila kikomo. Nilitumia jioni tatu kung'oa regyuleta 40 kwa hewa moto, nikanunua Kariakoo 78L05 za kawaida zenye miguu mirefu. Ukiilaza upande bapa ukitazama juu, miguu inafuata mpangilio uleule wa kutoa, ardhi, kuingiza. Nikaikata mifupi na kuilehemu juu ya pedi zilezile, yaani vile vibati vya shaba vya kulehemia. Zinafanya kazi hadi leo, ila kila mashine nikiifungua kwa matengenezo naiona ile alama.

Tangu hapo, kila kijenzi kwenye orodha yangu kina namba kamili ya mtengenezaji wake, pamoja na mbadala mmoja au wawili ambao miguu yao nimeikagua mwenyewe. Transista ndiyo ziangalie zaidi: BC547 na 2N3904 zinafanana kwa macho, lakini miguu ya pembeni, kolekta na emita, imepishana. Na kabla ya 50, agiza 5 zilizopachikwa vijenzi kwa orodha ileile utakayoitumia kwenye 50. Mimi nilijaribu bodi nilizolehemu kwa mkono kwa vijenzi vya dukani, halafu nikaagiza kwa orodha nyingine. Jaribio langu halikuwa limepima kile nilichonunua.

Kuhusu gharama za kupachikiwa: kwa idadi ndogo, kinachopandisha bei ni aina za vijenzi kuliko wingi wake, kwa sababu mara nyingi kila rola ya ziada ya aina moja ya kijenzi inayopakiwa kwenye mashine ina ada yake. Mchoro ulikuwa na rezista za kilo-omu 4.7, 5.1 na 10. Mahali ambapo thamani haikuwa na ulazima niliweka 10 kote. Relei na viunganishi vya skrubu nililehemu mwenyewe.

Leseni isome kabla ya kulipa. Wapo wanaoita kazi yao huria huku wameipa leseni ya Creative Commons ya aina inayokataza biashara. Hiyo huwezi kuuza bila ruhusa ya mwenyewe. Mchoro niliotumia ulikuwa chini ya CERN-OHL-S, leseni ya vifaa huria, toleo la 2, la mwaka 2020. Hiyo inakuruhusu kuuza, lakini mabadiliko yako uyatoe kwa leseni ileile, kwa hiyo anwani ya faili zangu imechapishwa kwa wino mweupe nyuma ya bodi. Na bodi iliyotokana na mchoro huria wa Arduino, zile bodi maarufu za kujifunzia, unaweza kuiuza, ila jina Arduino usiliandike, ni alama ya biashara.

Forodhani, bodi tupu zinaingia kwenye kifungu 8534 cha orodha ya ushuru. Zilizopachikwa vijenzi hazimo humo, kwa hiyo ankara ieleze wazi ni zipi. VAT ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya thamani, nauli, bima na ushuru kwa pamoja. Iweke kwenye bei yako mapema.

Weka orodha yako ya vijenzi nami nitaipitia. Nitaanza na regyuleta.