Maswali na Majibu: Kilo zimepanda, pweza wamepungua

SWALI: Kamati yetu ya uvuvi imeandika kilo za pweza dikoni, pale samaki wanaposhushwa, kwa mwaka mzima. Tunataka mwamba mmoja ufungwe, usivuliwe pweza, miezi 3. Ofisa tuliyempelekea daftari anasema kilo zimepanda, basi pweza wapo tele. Tumjibuje? (Mwanakamati, Pemba)

JIBU: Ofisa kasoma mlichoandika, tatizo ni kwamba mmeandika nusu. Jumla ya kilo haisemi lolote kuhusu mwamba mpaka ijulikane wameingia watu wangapi. Tuseme mwanzoni walitoka wavuvi 10, kila mmoja akarudi na kilo 4: jumla 40. Mwisho wa mwaka wakatoka 20, kila mmoja na kilo 2.5: jumla 50. Daftari limenona, pakacha la mvuvi limekonda. Pelekeni kilo kwa mvuvi kwa siku. Wanaotembea na mchokoo, kijiti cha kumtolea pweza shimoni, waandikwe mbali na wanaozamia kwa miwani, na bamvua, maji yanapokupwa sana, ilinganishwe na bamvua. Maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, mwamba haukauki, na asiyelijua hilo atadhani pweza wamehama.

Pweza apimwe mmoja mmoja, kwa gramu, kabla hajatolewa matumbo. Wakichanganywa waliosafishwa na wasiosafishwa, hesabu yote inapotoka. Andikeni na jinsia: kwa dume, ncha ya mkono wa tatu wa kulia haina vinyonyeo. Ni muhimu kwa sababu majike wengi hupevuka wakiwa na takriban kilo 2, ilhali sheria ya Tanzania Bara inaruhusu kuvua kuanzia gramu 500. Wengi basi wanaliwa kabla ya kutaga hata mara moja, na jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai bila kula, kisha akafa.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Ombi likae juu kabisa, chini yake mchoro mmoja wa kilo kwa mvuvi, halafu njia tatu: kuacha kama ilivyo, kufunga miezi 3, kufunga mwaka. Kila njia ionyeshe nani ataumia. Mkifunga mwamba wa karibu, wa kwanza kukosa kitoweo ni kina mama wanaokwenda kwa miguu. Lisemeni nyinyi kabla hajalisema diwani. Semeni pia kwamba mwaka mmoja ni mfupi, pepo za kaskazi na kusi hazifanani mwaka hadi mwaka. Kukiri hivyo hakudhoofishi barua. Kinachoidhoofisha ni kuahidi kwamba matumbawe yatapona: kwa miezi 3 hayaponi. Pweza hukua upesi, mdogo huweza kuongezeka uzito maradufu kwa mwezi hivi. Ahidini hilo tu.

SWALI: Tulifungua mwamba, siku ya kwanza ndoo zikajaa. Wiki ya pili, hola. Kufunga kumefeli? (Msomaji, Mafia)

JIBU: Kilichoharibika ni kufungua. Siku hiyo huja hata wasiolinda, matumbawe yanakanyagwa, na mnunuzi mwenye barafu chache anashusha bei. Kubalianeni mapema idadi ya watu kwa siku, wadogo warudishwe, mnunuzi aarifiwe. Na mpimeni pia mwamba jirani ambao haukufungwa, siku zilezile. Bila huo, mtaalamu yeyote wa serikali atawauliza mnajuaje kwamba ndoo zilijazwa na kufunga, si msimu mzuri tu.