Kondoo mkaidi humuumiza mbwa kweli

Ndugu, umeuliza kama mbwa wa kuchunga anaweza kuumizwa na kondoo anayemkabili. Ndiyo, anaweza kuumia, tena vibaya. Umesema kondoo jike mwenye mtoto alisimama, akapiga mguu chini, na mbwa wako wa miezi 10 akasita. Ule mguu ni onyo. Kinachofuata ni kupigwa kwa kichwa.

Kwenye uwanja wazi mbwa mwepesi hukwepa. Hatari kubwa iko kando ya uzio au langoni, mahali ambapo hana pa kukimbilia: anabanwa, mbavu zinavunjika. Dume ndiye mbaya zaidi. Hurudi nyuma hatua kadhaa kisha huja na uzito wote, na wapo wanaozidi kilo 100, wakati mbwa wako labda hafiki hata 25. Akishapigwa, usiridhike kwa kuwa ameinuka na kutikisa mkia. Mbwa wa kazi huficha maumivu (wangu alichunga hadi jioni, kumbe ubavu umepasuka). Fizi zikipauka, au akihema haraka hali amepumzika, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Ila kwa umri huo mimi ningehofia zaidi moyo wake. Mbwa mchanga akishindwa mara mbili tatu hujifunza kukimbia, au huanza kuuma hovyo kwa woga. Usimtume peke yake kwa kondoo aliyezaa juzi. Nenda naye, msogee polepole, na mmwachie kondoo njia ya kuondokea. Kondoo akigeuza kichwa tu ili aondoke, mwite mbwa arudi.