Geti Lenye Majini

Niliitwa kwenye maegesho fulani ambayo geti lake, kwa maneno ya mlinzi, lilikuwa na majini. Usiku wa manane, hakuna gari wala mtu, mkono unanyanyuka, unatulia kidogo, unashuka. Kabla yangu alikwishapita fundi akabadilisha kidhibiti kizima, na majini yakabaki palepale. Nilifungua kisanduku nikavuta waya unaotoka chini ya lami. Nyuzi mbili zimelala sambamba kama reli, hazikusokotwa hata mara moja. Nikajua jini nimelipata.

Ili uelewe kwa nini, anza chini. Mbele ya geti lami hukatwa mfereji mwembamba wa mstatili, na waya huzungushwa humo mara tatu au nne kisha hufunikwa. Kidhibiti hupitisha umeme unaogeuka mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Gari likija juu yake, mikondo midogo ya umeme huzuka kwenye bodi lake na kupingana na uga wa sumaku wa ule waya, na masafa ya umeme huo, yaani idadi ya migeuko yake kwa sekunde, hupanda kidogo sana. Hicho "kidogo sana" ndicho kidhibiti kinachokisubiri. Uzito hauhusiki, kwa hiyo wanaorukaruka juu ya lami ili geti lifunguke wanafanya mazoezi tu. Wala si lazima chuma kinachonasa sumaku: aluminiamu nayo huonekana.

Sasa, ule waya wa kutoka mferejini hadi kisandukuni ukiachwa sambamba, nao unageuka kihisi. Unanasa mota ya geti, nyaya za taa, kila kinachopita jirani. Ukisokotwa, kelele za umeme za upande huu hufuta za upande ule. Kipimo ninachofuata ni misokoto 20 kwa kila mita, isipungue. Siku ile nilibana ncha kwenye drili, mlinzi akaushika waya usilegee, nikausokota hadi kwenye lami. Kazi ya dakika chache, baada ya pesa ya kidhibiti kipya kwenda bure. Ndiyo maana nasema kabla hujanunua kifaa, kagua waya.

Kosa langu mwenyewe nalo nilitaje. Niliwahi kuweka mstatili mwembamba mno, na geti likashukia lori lenye trela. Uwezo wa kuona kwenda juu ni kama theluthi mbili za upande mfupi wa mstatili. Ukiwa mita 1, unapata sentimita 65 hivi. Gari dogo liko ndani ya kimo hicho. Lori lililonyanyuka halimo, hivyo kati ya ekseli na ekseli kidhibiti kinaamini limeshaondoka. Tangu hapo, panapopita malori napanua mstatili na kuongeza mwali wa infraredi, mwanga usioonekana, pembeni. Wa pikipiki nao wasimame juu ya mstari wa waya wenyewe, wasikae katikati.

Ndani ya jengo mambo ni mengine. Zile taa nyekundu na kijani juu ya kila nafasi mara nyingi hutumia mawimbi ya sauti tusiyoyasikia. Kihisi kikiwa mita 2.5 juu ya sakafu, mwangwi hurudi baada ya milisekunde 15 hivi. Likiingia gari la kimo cha mita 1.5, hurudi baada ya takriban 6. Tatizo ni kioo cha mbele. Kimelala mshazari, kinatupa mwangwi pembeni, na taa inabaki kijani gari likiwa limekaa. Sogeza kihisi kielekee paa, usikimbilie kukibadilisha.

Nje, penye nafasi moja moja, kuna vihisi vya betri vinavyozikwa ardhini na kupima jinsi gari linavyovuruga uga wa sumaku wa dunia. Navipenda kwa kuwa havihitaji kukata lami ndefu, lakini lori la jirani linaweza kuvidanganya. Na vina tabia moja: vinahitaji kufundishwa "tupu" ni nini. Nimekuta nafasi iliyofundishwa gari likiwa juu yake. Ubao wa kuonyesha nafasi ukawa unasoma kinyume, wazi panapojaa, na mhudumu kila asubuhi anaambiwa yeye ndiye hajui kuhesabu. Vidhibiti vingi vya waya navyo hujifunza upya umeme ukikatika na kurudi, basi ukiona geti limekaidi baada ya umeme kurudi, ondoa gari lililo juu ya mstatili kwanza, ndipo uzime na kuwasha.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie apitishe pikipiki, gari dogo na lori, kila kimoja polepole, na kimoja kisimame nusu ya njia kwa dakika kadhaa. Wewe simama kando, utazame mkono wa geti.